Mashine Haiulizi: Kuchagua na Kutumia Vifaa vya Masaji Nyumbani

Katika mitaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, kando ya meza za simu na redio, vifaa vya masaji vimepata meza zake. Kuna mashine ndogo yenye umbo la bastola ambayo wauzaji huiita bunduki ya masaji, mito yenye vifundo vinavyozunguka, mikanda ya kiuno inayotetemeka, mabeseni ya miguu yanayotoa mapovu, na vibandiko vyenye nyaya vinavyopitisha umeme mdogo kwenye ngozi. Mteja hukaribishwa kuketi, mashine huwekwa begani mwake, na baada ya nusu dakika hukiri kwamba bega limekuwa jepesi. Muuzaji haulizi kwa nini bega hilo lilikuwa zito.

Swali hilo lisiloulizwa ndilo kiini cha makala haya. Vifaa vya masaji si vibaya, na vingi vina manufaa ya kweli vikitumika panapostahili. Lakini kifaa hakiwezi kutofautisha msuli uliochoka na vena iliyoziba kwa damu iliyoganda, wala mgongo uliokaza kwa kukaa sana na mgongo unaoliwa na kifua kikuu. Kazi ya kutofautisha hubaki kwa anayekishika, nayo huanza kabla fedha haijatoka mfukoni.

Mkono wa mkandaji na mkono wa mashine

Kukanda si jambo geni Afrika Mashariki. Katika mwambao, tangu Lamu hadi Unguja na Kilwa, mkandaji hujulikana mtaani kwa kazi yake, na mafuta ya nazi ni nyenzo yake ya kwanza. Bara nako, mchezaji aliyeteguka au mkulima aliyeumia kiuno hupelekwa kwa mtu anayesifiwa kwa mkono wake. Mkandaji mzoefu huanza kwa maneno: "Uliumia lini, mwanangu? Ulianguka? Unahisi ganzi?" Kisha vidole vyake huendelea kuuliza. Akikuta joto lisilo la kawaida, au uvimbe, au mgonjwa akishtuka, hulegeza mkono, na pengine huacha kabisa na kusema, "Hili si la kukanda, nenda hospitali."

Mashine zilibuniwa ili zichukue nafasi ya mikono hiyo. Katika karne ya 19 daktari wa Uswidi, Gustaf Zander, alibuni mashine za kunyoosha na kusugua viungo, na mwaka 1865 akafungua taasisi yake jijini Stockholm. Mwaka 1954 Nobuo Fujimoto alianza kutengeneza viti vya masaji huko Osaka, Japani. Leo nguvu iliyohitaji chumba kizima huingia katika mkoba wa safari. Kilichopotea njiani ni vidole vinavyouliza.

Masaji hufanya nini mwilini

Mguso, mgandamizo na mtetemo husisimua neva za ngozi na misuli. Taarifa za neva hizo zinapofika kwenye uti wa mgongo, hupunguza kupita kwa taarifa za maumivu zinazoelekea kwenye ubongo. Nadharia hii ya lango la maumivu ilielezwa na Ronald Melzack na Patrick Wall mwaka 1965, nayo husaidia kueleza kwa nini mtu aliyejigonga kiwiko hukisugua papo hapo bila kufundishwa. Aidha, masaji hulegeza msuli uliokaza, hukipa kiungo wepesi wa kujongea kwa muda mfupi, na hupunguza maumivu yanayojitokeza siku moja au mbili baada ya mazoezi mazito.

Maneno ya kuzingatia hapo ni "kwa muda mfupi". Masaji haitoi sumu mwilini, kwani kazi hiyo ni ya ini na figo. Haiyeyushi mafuta ya tumboni, haitibu kisukari, na haifufui sehemu ya ubongo iliyokufa kwa kiharusi. Mwezi Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini. Mwaka 2020 maumivu ya mgongo wa chini yalikadiriwa kuwapata watu milioni 619 duniani. Mwongozo huo uliitaja masaji miongoni mwa njia zinazoweza kumsaidia mgonjwa, pamoja na elimu na mazoezi. Mikanda ya kushikilia kiuno, ambayo huuzwa kwa wingi, haikupendekezwa kwa matumizi ya kawaida. Kwa hiyo mwenye kununua kifaa cha masaji akione kuwa ni msaidizi wa kutembea na kujinyoosha, si mbadala wake.

Kisa cha fundi cherehani

Kisa kifuatacho hakimhusu mtu mmoja mahususi. Kimeundwa kutokana na mambo yanayoonekana mara kwa mara katika kliniki.

Fundi cherehani mwenye umri wa miaka 50 na kitu alisafiri kwa basi kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Alikaa dirishani, akanywa maji kidogo ili asisumbue abiria wenzake kila basi liliposimama, na akasinzia magoti yakiwa yamekunjwa. Siku ya tatu baada ya kufika, shavu la mguu wa kushoto lilianza kuuma. Alidhani ni uchovu wa safari na wa kukanyaga cherehani. Mwanawe, kwa nia njema, akamletea bunduki ya masaji. "Mama, dakika kumi tu, maumivu yote yataisha," alimwambia.

Jirani yao, muuguzi mstaafu, alikuwapo. Aliuliza swali moja: "Dada, unauma mguu mmoja au yote miwili?" Kisha akaomba futi ya kupimia nguo. Walipima kila mguu mahali palepale, sentimita 10 chini ya kifupa kinachochomoza mbele, chini kidogo ya goti. Mguu wa kulia ulikuwa na mzingo wa sentimita 37, wa kushoto 41. Mashine ilirudishwa kwenye boksi, na mama akapelekwa hospitali. Kipimo cha ultrasaundi kilionyesha damu iliyoganda katika vena za ndani za mguu.

Damu ya namna hiyo huganda kwa urahisi zaidi mtu anapokaa muda mrefu bila kujongea, baada ya upasuaji, wakati wa ujauzito na wiki za kwanza baada ya kujifungua, kwa mwenye saratani, na kwa baadhi ya wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Hatari kubwa si maumivu ya mguu. Hatari ni kipande cha damu hiyo kumeguka, kusafiri hadi kwenye mapafu na kuziba mshipa, jambo linaloweza kuua katika muda mfupi. Kugonga shavu la mguu kwa mashine ni kukaribisha kumeguka huko. Tofauti ya zaidi ya sentimita 3 kati ya miguu miwili ni miongoni mwa dalili ambazo madaktari huzipima wanaposhuku hali hii. Hata hivyo, miguu kulingana hakuthibitishi usalama. Mguu mmoja ukivimba, ukiwa na joto na kuuma bila sababu ya wazi, haupigwi mashine wala haukandwi kwa mkono mpaka daktari auone.

Maswali matano kabla ya kubonyeza kitufe

Kwa kuwa mashine haiulizi, mtumiaji na ndugu zake hawana budi kuuliza badala yake.

Swali la kwanza: maumivu yalianzaje? Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka, kugongwa au kuteguka yanaweza kuwa na mfupa uliovunjika ndani yake. Kwa wazee, hasa wanawake waliokoma hedhi, mfupa wa uti wa mgongo unaweza kuvunjika kwa kuinua ndoo ya maji tu. Mfupa uliovunjika hauhitaji mtetemo, unahitaji picha ya eksirei.

Swali la pili: je, mahali panapouma pana uvimbe, joto, jeraha au mabadiliko ya rangi? Vitabu vingi husema ngozi iliyoambukizwa huwa nyekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane. Ngozi huonekana ikimetameta, ikiwa imekaza, au ikiwa nyeusi zaidi kuliko upande wa pili. Maeneo ya pwani ambako matende yangalipo, mguu uliovimba kwa muda mrefu hupata mara kwa mara maambukizi yanayoambatana na homa na kutetemeka. Wakati huo mashine ya masaji haina nafasi. Jipu nalo lisiminywe wala kugongwa.

Swali la tatu: je, ngozi ya mahali hapo inahisi sawasawa? Mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi anaweza kupoteza hisia za nyayo bila kujua. Vivyo hivyo kwa aliyepata uharibifu wa neva kutokana na ukoma, na kwa baadhi ya waliopata kiharusi. Mtu wa namna hii akiingiza miguu katika beseni la maji ya moto, au akifungiwa pedi ya joto, hawezi kusema "inaunguza". Hugundua malengelenge baadaye, na kwa mwenye kisukari lengelenge dogo linaweza kuishia katika kidonda kinachogharimu mguu. Kanuni ni moja: pasipo na hisia, hapawekwi joto, hapawekwi umeme, wala hapagongwi.

Swali la nne: mwili wote unasemaje? Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa za jioni, kutokwa jasho usiku na kupungua uzito yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao bado unaonekana katika hospitali za ukanda wetu. Mwanamume mzee mwenye maumivu ya mgongo yasiyopungua hata akilala, na mwenye matatizo ya mkojo, achunguzwe tezi dume, kwa kuwa saratani ya tezi hiyo husambaa hadi kwenye mifupa ya mgongo. Yeyote ambaye miguu yake inalegea, au anayepata ganzi kuzunguka sehemu za siri, au anayeshindwa kuzuia haja, awahishwe hospitali siku hiyohiyo. Katika hali hizi masaji huweza kutoa nafuu ya saa moja, na nafuu hiyo ndiyo hasara yenyewe, kwa sababu humfanya mgonjwa asubiri wiki nyingine, na nyingine tena.

Swali la tano: mtumiaji ana hali gani, na anatumia dawa gani? Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye ugonjwa wa damu kutoganda, anaweza kuvuja damu ndani ya msuli kwa mapigo ambayo mwingine hayahisi. Mwenye betri ya moyo asitumie vifaa vya umeme wa ngozi bila ruhusa ya daktari wake wa moyo, na aulize pia kuhusu vifaa vyenye sumaku. Mjamzito asiweke mashine tumboni wala kwenye mgongo wa chini kabla ya kushauriana na kliniki yake. Mwenye saratani iliyofika kwenye mifupa asigongwe. Mgonjwa wa selimundu aliyeingia katika kipindi cha maumivu makali anahitaji maji, dawa za maumivu na uchunguzi, asicheleweshwe nyumbani kwa mashine.

Jibu lolote linalotia shaka katika maswali haya ni sababu ya kuahirisha. Kifaa hakiharibiki kikisubiri siku mbili.

Kuchagua kifaa

Baada ya maswali hayo, uchaguzi huwa mwepesi, kwa kuwa kifaa bora ni kile kinacholingana na tatizo, wala si kile chenye nguvu kuliko vyote.

Kwa misuli iliyokaza baada ya kazi au michezo, vifaa vya mkono visivyotumia umeme hutosha kwa watu wengi. Rola ya kulalia au mpira wa tenisi uliowekwa kati ya mgongo na ukuta humwezesha mtu kupunguza uzito wake mwenyewe pale panapouma. Ni rahisi, haziharibiki kwa umeme kukatika, na mwili wenyewe huweka kikomo. Kwa mtu anayeanza, hapa ndipo pa kuanzia.

Bunduki ya masaji hugonga msuli kwa kasi. Nyingi zina uwezo wa mapigo kati ya 1,500 na 3,000 au zaidi kwa dakika. Idadi ya mapigo si kipimo pekee cha nguvu. Kilicho muhimu pia ni umbali ambao kichwa cha mashine husogea katika kila pigo, unaotajwa kwa milimita. Milimita 6 hadi 10 humtosha mtu wa kawaida. Vyenye milimita zaidi ya 12 hupenya ndani zaidi na vinafaa kwa wanamichezo wenye misuli minene. Mnunuzi atafute chenye ngazi kadhaa za kasi, kinachozima chenyewe baada ya dakika 10 hadi 15, chenye kichwa laini cha mpira, na chenye uzito ambao mkono unaweza kuuhimili. Mzee mwenye mabega dhaifu akishika mashine ya zaidi ya kilo moja, anaweza kujiongezea maumivu mengine.

Mito na viti vya masaji hufaa zaidi kwa mgongo na mabega. Kabla ya kununua, mtumiaji akalie kwanza na kuhakikisha kwamba vifundo vinapita kwenye misuli iliyo pembeni mwa uti, si juu ya mifupa ya uti wenyewe. Vifaa vya rola vinahitaji uangalifu wa pekee kwa kuwa hunasa nywele, kanga, mtandio na vidole vya watoto. Nchini Japani kumetokea vifo vya watu walionyongwa baada ya nguo zao kunaswa na kifaa cha rola kilichoondolewa kitambaa chake cha kufunika. Kifuniko kikichanika, kifaa kisitumike mpaka kirekebishwe. Asiwepo mtu anayelala usingizi juu ya kifaa hicho, na mtoto asiachwe nacho peke yake.

Vifaa vya umeme wa ngozi, vinavyojulikana kama TENS, hufanya kazi kwa kusisimua neva. Huwapa baadhi ya watu nafuu kikiwa kimewashwa, lakini si dawa ya chanzo. Vibandiko vyake havibandikwi mbele ya shingo, kifuani, kichwani, juu ya kidonda, wala mahali penye ganzi. Mwenye kifafa amwone daktari kwanza. Havitumiki mtu akiwa anaoga, anaendesha gari au amelala.

Mnunuzi ajihadhari na ahadi. Kifaa kinachodaiwa kutibu kiharusi, kisukari, ugumba na shinikizo la damu kwa pamoja kimejieleza chenyewe. Nchini Tanzania, kifaa kinachouzwa kwa madai ya kutibu au kuchunguza ugonjwa huingia katika usimamizi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na ubora wa bidhaa za umeme husimamiwa na Shirika la Viwango, TBS. Ni haki ya mnunuzi kuuliza juu ya usajili na alama ya ubora, kudai risiti, na kupewa maelekezo katika lugha anayoielewa.

Umeme, betri na maji

Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230 na hezi 50. Kifaa kilichoandikwa "100–240 V, 50/60 Hz" kinaweza kutumika bila tatizo. Kilicholetwa na ndugu kutoka Marekani na kuandikwa "120 V" pekee kitaungua, au kitawaka moto, kikichomekwa bila transfoma ya kushusha volti. Tabia ya kuchokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu au kijiti ili plagi ya pini mbili iingie ni ya hatari. Tundu hilo ni la waya wa ardhi, na likichokolewa kinga ya soketi hufunguliwa. Inunuliwe adapta imara badala yake. Umeme ukikatika, kiti cha masaji kichomolewe, kwa sababu unaporudi mara nyingi huja na volti zisizotulia.

Beseni la miguu hujazwa maji kabla ya kuchomekwa, na huchomolewa kabla ya kumwaga maji. Mtu hasimami ndani yake, wala hashiki swichi ya ukutani kwa mikono yenye maji. Betri za lithiamu, zilizomo katika bunduki nyingi za masaji, zichajiwe kwa chaja yake, juu ya sakafu au meza ngumu, kamwe si kitandani wala chini ya mto. Betri iliyovimba, inayonuka au inayopata joto kali isitumike tena.

Namna ya kutumia

Mtumiaji huanza na kasi ndogo kuliko zote, juu ya nguo nyepesi au taulo. Kichwa cha mashine huwekwa kwenye nyama ya msuli na kuachwa kitelezeshwe taratibu bila kukandamizwa. Dakika moja hadi mbili kwa kila kundi la misuli zinatosha, na kikao kizima kisizidi dakika 15. Kama maumivu yangepewa alama kuanzia 0 hadi 10, yasipite 3 wakati wa masaji. Usemi kwamba dawa ni chungu hautumiki hapa, kwani msuli unaoumizwa hukaza zaidi ili ujilinde.

Yako maeneo ambayo mashine haifiki: mbele na pembeni mwa shingo, uti wa mgongo wenyewe, mbavu, kwapa, kinena, nyuma ya goti, tumbo, juu ya vena zilizotuna, na juu ya ngiri au kidonda cha upasuaji. Katika maeneo hayo mishipa ya damu na neva iko karibu na ngozi, au viungo laini havina ukuta wa msuli wa kuvilinda. Shingo inastahili kutajwa peke yake. Ripoti za kitabibu zimeeleza mtu aliyepata mpasuko katika ukuta wa ateri inayopeleka damu kwenye ubongo baada ya kutumia bunduki ya masaji shingoni. Maumivu ya shingo yapelekwe kwa mikono ya mtaalamu wa fiziotherapia.

Hata mguu wenye afya unaweza kuumizwa kwa kupita kiasi. Ripoti nyingine, kutoka China, ilimweleza mwanamke kijana ambaye baada ya mazoezi alipigwa bunduki ya masaji kwenye mapaja. Seli za misuli yake zilivunjika kwa wingi na kumwaga vitu vyake katika damu, hali inayoweza kuharibu figo. Dalili za kuogopa ni misuli kuuma na kulegea kupita kawaida, na mkojo kuwa na rangi ya chai ya rangi. Atakayeziona asisubiri kesho.

Joto kwa mama aliyejifungua

Haiwezekani kuzungumzia masaji nyumbani bila kutaja desturi ya kumkanda mama aliyejifungua kwa maji ya moto. Nia yake ni nzuri: mama asitirike, apumzike, ahudumiwe na mama yake au shangazi. Kinachohitaji kubadilika ni joto na nguvu. Maji ya nyuzijoto 60 huweza kuunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ngozi huweza kuathirika hata kwa joto la nyuzi 44 likigusa kwa saa kadhaa. Mkono wa bibi uliozoea moto wa jikoni si kipimajoto cha tumbo la mzazi. Tumbo la uzazi hurudi katika hali yake lenyewe katika muda wa takribani wiki sita, bila kukandamizwa. Aliyejifungua kwa upasuaji asikandwe tumboni kabisa. Zaidi ya hayo, wiki hizo ndizo ambazo damu huganda kwa urahisi miguuni. Mkono laini mgongoni, maji ya uvuguvugu ya kuoga, na kutembea ndani ya nyumba ni zawadi bora kuliko kitambaa kinachofuka mvuke. Mikanda ya kutetemesha tumbo inayouzwa kwa kina mama ili "kurudisha umbo" nayo isubiri ushauri wa kliniki.

Wakati wa kuacha

Masaji isimamishwe mara moja endapo mtumiaji atapata kizunguzungu, ganzi, michomo ya umeme inayoshuka mkononi au mguuni, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Kubanwa na pumzi ghafla, maumivu ya kifua, mdomo kupinda, maneno kuvurugika, au upande mmoja wa mwili kulegea ni dharura, na njia ni moja tu, ya hospitali. Maumivu yaliyotumiwa mashine kwa wiki mbili bila nafuu ya kudumu nayo yanahitaji macho ya mtaalamu.

Fundi cherehani alitumia dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi mitatu. Katika kipindi hicho alifundishwa kusimama na kutembea kila baada ya saa moja ya kushona, na kupandisha na kushusha visigino chini ya cherehani. Bunduki ya masaji ilibaki kabatini muda wote huo. Dawa zilipokwisha, alirudi kliniki akiwa nayo ndani ya mfuko, akauliza kama sasa anaweza kuitumia mabegani, ambako kazi ya kuinama humchosha. Daktari alimwonyesha kasi ya kuanzia, mahali pa kuweka, na mahali pa kuepuka. Futi ya kupimia nguo, alisema mama huyo, itakaa katika droo moja na mashine.